Malaria ya Korogwe, hospitali ya Guangzhou

Jina la hospitali sitalitaja, kwa sababu usiku wa kwanza walinikosea na mchana uliofuata wakaniokoa, na sitaki mtu achukue nusu moja ya habari akaenda nayo. Ni hospitali ya serikali, kubwa, na ukitoka Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wanakojaa Waafrika, kwa teksi yuan 20 hazifiki. Wanaokwenda Guangzhou kuchukua mzigo wataitambua. Nilikuwa pale Oktoba 2024, safari yangu ya saba China, na kwa safari sita za nyuma dawa pekee niliyowahi kumeza huko ni Panadol nilizotoka nazo Dar.

Nauza mikoba Kariakoo. Mzigo nauchukua kwenye masoko ya ngozi kule Sanyuanli, siku tisa naenda na kurudi, sina siku ya kuchezea. Siku ya nne nilikuwa nabishana na dada mwenye duka kuhusu zipu, nikasikia baridi. Oktoba ya Guangzhou watu wanatembea na kaptura. Nikamwambia azime kiyoyozi, akaniambia hajakiwasha. Nikaomba kiti. Akaniletea maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi, akanipigapiga mgongoni, zipu tukaiacha hapo.

Sikuhitaji daktari wa kunieleza. Siku kumi na mbili kabla nilikuwa Korogwe, msiba wa mama mdogo. Tumelala nje siku tatu, kwenye mikeka, chini ya turubai, na msibani nani anatundika neti? Mtu wa Dar siku hizi anaweza kumaliza mwaka mzima bila malaria mpaka akadhani imekwisha duniani. Kichwa kinapasuka, magoti yanauma, baridi halafu moto halafu jasho. Malaria naijua tangu natambaa.

Nyumbani hii ni kazi ya nusu saa. Unaingia kituo cha afya, wanakutoboa kidole, unasubiri robo saa, mistari miwili, unapewa mseto: vidonge vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu, 24 jumla, unakunywa na maziwa au kitu chenye mafuta. Nikaingia duka la dawa karibu na hoteli nikidhani nitafanya hivyohivyo. Yule binti alinisikiliza vizuri sana kwenye simu yake ya kutafsiri, akanipa pakiti za unga wa mitishamba wa mafua, na ushauri ninywe maji ya moto. Dawa ya malaria hana, na wenzake wa maduka mawili ya mbele hawana. Nikakaa kwenye ngazi za duka nikacheka peke yangu kama kichaa. Mseto wenyewe tunaomeza Tanzania tangu 2006 asili yake ni China! Mama wa Kichina, Tu Youyou, ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuongoza kazi ya kuitoa artemisinini, dawa iliyozaa mseto, kwenye mmea wa jamii ya pakanga. Na mimi niko kwao, natetemeka, natafuta vidonge 24.

Sababu niliielewa baadaye. Shirika la Afya Duniani liliitangaza China kuwa nchi isiyo na malaria tarehe 30 Juni 2021. Wenyeji hawaambukizani tena. Inayobaki ni ile inayokuja na ndege, kwenye damu ya watu kama mimi. Duka la mtaani litaweka dawa ya ugonjwa ambao mteja wake hana? Haliweki.

Saa nne usiku nikaamua hospitali. Ipo namba ya gari la wagonjwa, 120, lakini gari hilo ni la kulipia na ukipiga lazima ueleze uko wapi kwa Kichina, kwa hiyo kama miguu inakubali chukua teksi. Miguu yangu ilikubali. Kilichokataa ni pasipoti, nilikuwa nimeiacha kwenye sefu ya hoteli. Pale mapokezi kuna mashine nzuri sana za kujisajili, zinameza kitambulisho cha Kichina na kutema karatasi. Mgeni anakwenda dirishani na pasipoti, na bila pasipoti hakuna usajili, na bila usajili wewe ni mpita njia tu mwenye homa. Nikarudi hoteli. Hii siihesabu kosa lao.

Nikaja tena na pasipoti, wakanipima joto: 39.4. Hapohapo nikatolewa kwenye ukumbi, nikapelekwa nje kuzunguka jengo mpaka mlango mwingine kabisa. Nilikasirika, nikadhani ni rangi yangu. Sivyo. Hospitali zao kubwa zina kliniki ya homa yenye mlango wake, wanaiita *fare menzhen*, na Mchina mwenye homa anazungushwa vilevile. Ni mazoea ya tangu SARS, ule ugonjwa wa mapafu wa kuambukiza, ambayo ilianzia mkoa huohuo wa Guangdong mwishoni mwa 2002. Waliokuwa kwenye benchi na mimi walikuwa baba mmoja na mtoto wake, na wanafunzi wawili wamelaliana. Sote barakoa.

Malipo sasa. Kila hatua inalipiwa kabla. Unamwona daktari, anaandika kipimo, unakwenda dirishani kulipa, ndipo maabara wanakugusa. Kipimo cha pili, dirishani tena. Dripu, dirishani tena. Usiku ule nililipa mara tano. Mtu mwenye homa ya 39 kupanda na kushuka na karatasi mkononi si jambo dogo, na wao wenyewe wanalijua, maana kila mgonjwa wa Kichina alikuwa na mtu wake wa kukimbia na karatasi. Kwa upande mwingine bei inaonekana kabla hujatoa hela, hakuna cha kushtukizwa. Usajili na daktari, damu, kipimo cha mafua na korona, kipimo cha dengi, dripu moja: vyote havikufika yuan 400. Mwezi ule nilikuwa nahesabu yuan moja kama shilingi 380. Hospitali binafsi ya Dar yenye marumaru kama yale ungelipa hivyo ukiwa bado hujakaa.

Noti wanapokea, ila yule wa dirishani aliziangalia zangu kama nimemletea kuku. Wekeni Alipay, programu ya kulipia ya Wachina, kwenye simu kabla hamjaondoka nyumbani, muiunganishe na kadi ya benki. Malipo yakizidi yuan 200 kwenye kadi ya nje wanakata asilimia 3, kwa hiyo kwa vipimo vidogovidogo haigusi kitu, utaiona kwenye malipo makubwa.

Daktari wa usiku alikuwa kijana, mpole, amechoka. Alinipa dakika nne. Hakuwa na Kiingereza cha kutosha na changu si cha kujivunia, tukatumia simu. Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na lawama tunagawana. Aliuliza nimekaa China siku ngapi, nikasema nne. Hakuuliza kabla ya hapo nilikuwa wapi. Mimi nikaishika simu, nikaiweka lugha ya Kiswahili, nikasema polepole kama naongea na mtoto: nina malaria. Simu ikasoma kwa Kichina. Daktari akanyanyua nyusi, akaangalia pembeni, akaandika kitu. Nikasema tena kwa nguvu zaidi, akatikisa kichwa kwa adabu.

Nilipofika hoteli nikafungua kumbukumbu za ile programu kuangalia nilisema nini. Imeandika kwa Kiswahili, herufi safi kabisa: "Mimi malaya." Mara mbili.

Mwanamke mfanyabiashara anayesafiri peke yake China anatosha kusemwa bila kusaidiwa na simu.

Kwa hiyo daktari alifanya kazi kwa alichokiona. Oktoba ni msimu wa dengi kwao. Mwaka 2014 Guangdong ilipata wagonjwa wa dengi zaidi ya 40,000, hawawezi kuisahau. Alipima dengi, hakuna. Mafua, hakuna. Korona, hakuna. Akaniweka kwenye chumba cha dripu, ukumbi mzima wa viti vyenye namba kama stendi ya mabasi, kila mtu na chupa yake juu ya kichwa. Nesi anakuja na kukuuliza jina kabla ya kila kitu, kila mara, hata kama amekuuliza dakika mbili nyuma. Hilo nililipenda. Baridi ya kile chumba sikuipenda. Saa saba usiku nikaruhusiwa na vidonge vya kushusha homa. Ushauri: nipumzike, ninywe maji ya moto kwa wingi. *Duo he re shui.* Maneno hayo ya Kichina sasa nayajua hata usingizini.

Asubuhi homa imeshuka nikajidanganya nimepona, nikaenda kumalizia zipu. Saa nane mchana nikaanguka mlangoni kwa wakala wa mizigo.

Wakala ndiye aliyempigia kijana mmoja wa Kigoma, anasoma chuo hapo Guangzhou na siku za nafasi anakalimania wafanyabiashara. Akafika. "Shikamoo mama, pole, tunakwenda wapi?" Nikamwambia kitu kimoja tu: mwanangu, tafuta hilo neno malaria kwa Kichina, uliandike, usiliseme kwa mdomo. Akaliandika kwenye simu, herufi kubwa zimejaa kioo chote. Linasomwa *nüeji*. Chini yake akaandika: ametoka Tanzania, alilala nje kijijini wiki mbili zilizopita.

Nataka mwelewe tofauti. Hospitali ileile, mlango uleule wa homa, dirisha lilelile. Daktari mwingine, mama wa makamo, alisoma kile kioo, akavua miwani, akasoma tena, akanyanyua simu ya mezani. Baada ya hapo sikuona foleni. Damu ikatolewa pale nilipokaa, malipo kijana akakimbia nayo, na ndani ya saa moja na nusu wakarudi watu watatu badala ya mmoja. Waliiona kwenye hadubini. Falsiparamu, kimelea cha ile malaria kali yenyewe. Nesi mwanafunzi aliniuliza kupitia kwa kijana kama angeweza kuja kuangalia slaidi yangu, maana kwenye masomo ameiona kwa picha tu. Nikasema aangalie, si kitu cha kunipungukia.

Kulazwa kuna sharti la pesa ya kutanguliza. Mimi walinitaka yuan 5,000. Kwa mtu ambaye fedha yake yote iko kwenye oda ya mikoba hilo ni pigo, na hapa sikuona huruma wala ukali, niliona dirisha tu. Kadi yangu ikagoma. Benki ya nyumbani ina kikomo cha siku na Dar ilikuwa saa sita mchana, watu wanajiandaa kwenda kula. Wakala akanilipia, nikamrudishia keshoye. Anayekwenda peke yake bila mtu wa kumpigia simu, sijui angefanyaje wodini kwa kujieleza na kadi iliyogoma. Katika mambo yote hili ndilo lililonitisha zaidi, kuliko hata ugonjwa.

Tiba yenyewe sina neno. Sindano ya artesunate kwenye mshipa, nyingine baada ya saa 12, nyingine ikitimia saa 24, ndivyo wanavyofanya hata nyumbani kwa malaria kali, na hata kichupa ni kilekile nilichowahi kukiona Muheza alipolazwa mwanangu. Tofauti ni kwamba hapa hakijapanda meli. Siku ya pili homa ikakatika, siku ya tatu nikahamishiwa vidonge. Daktari yule mama alikuja asubuhi na jioni, na jioni ya kwanza akaniambia kupitia kwa kijana: jana usiku tulipaswa kukuuliza ulikotoka. Hakuzunguka. Nimeshalazwa hospitali kadhaa maishani, sentensi ya namna hiyo sijawahi kuisikia popote.

Kuhusu wodi, tegemeeni vitanda vitatu chumbani, pazia, na ndugu wa wagonjwa wengine wamelala kwenye viti vya kukunjua. Manesi wanafanya kazi ya unesi tu. Kukupeleka chooni, kukuletea chakula, kukufulia, hiyo ni kazi ya ndugu, na asiye na ndugu anakodi mtu. Bakuli, kijiko, taulo, karatasi za chooni, unakuja navyo. Chupa ya chai utaikuta, ndani yake mnajua kuna nini. Chakula cha hospitali ni uji mweupe wa mchele, hauna sukari wala chumvi, na watu wanaula kwa furaha. Mimi kijiko cha tatu kilinishinda. Nashukuru Xiaobei ina wenyewe: mama mmoja wa Lubumbashi anayewapikia wafanyabiashara alisikia kwa wakala, akaniletea bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwenye kontena la plastiki, akakaa ananiangalia mpaka nimemaliza. Kiswahili chake na changu vilipishana hapa na pale lakini "kula, mama" tulielewana. Hela alikataa.

Siku ya pili wakaja wageni wawili wenye fomu, wametoka kituo cha kudhibiti magonjwa. Kwa Wachina mgonjwa mmoja wa malaria ni taarifa ya serikali: wana kanuni ya 1-3-7, siku moja kuripoti, ndani ya siku tatu kumfuatilia alikoipata, ndani ya saba kushughulikia eneo kama ugonjwa unaweza kusambaa. Kwa hiyo nilihojiwa. Nimetoka lini, nimepita wapi, hoteli gani, dirisha la chumba lina wavu au halina. Halafu wakafika Korogwe. Kwa nini ulilala nje? Msiba. Nyumba haikutosha? Nyumba ilitosha. Basi kwa nini nje? Kijana wa Kigoma alitafuta maneno dakika nzima kuwaeleza matanga, akashindwa, mwisho akawaambia ni heshima. Wakaandika. Neti? Wakaandika na hiyo. Walikuwa na adabu kupita kiasi, na wakati wa kuondoka mmoja akaniuliza kama kwetu ugonjwa huu bado ni wa kawaida. Nikamwambia nimetoka kumzika mtu ambaye hakufa kwa huo, kwa hiyo tunaendelea vizuri.

Hesabu ya mwisho: yuan 4,130 za siku tatu, dawa na vipimo vyote ndani. Zilizobaki kwenye ile 5,000 nilirudishiwa dirishani nikiwa nimesimama, bila kuambiwa njoo kesho. Orodha wanakupa kurasa mbili, mpaka sindano tupu na pamba zimehesabiwa kwa bei yake. Ombeni *fapiao*, risiti rasmi yenye muhuri mwekundu, na ripoti ya kuruhusiwa yenye muhuri pia. Karatasi ya kawaida ya malipo bima hawaitaki.

Ndiyo, nilikuwa na bima ya safari, nilikata Dar dola 30 na kitu, kampuni nayo naiacha bila jina. Ile namba ya "saa 24" niliipiga nikiwa nalazwa, ikaita mpaka ikachoka. Niliipata keshoye saa za ofisi, kwa Guangzhou ni alasiri maana tumepishana saa tano, na mtoto wa watu akaniambia lipa kwanza utarudishiwa. Nimepeleka fapiao, nimepeleka tafsiri yake, nimepeleka nakala ya mihuri ya pasipoti, na sasa wanataka barua ya kuthibitisha kwamba malaria sikuwa nayo kabla sijaondoka. Kadi ya bima ya afya ya nyumbani sikuitoa hata kwenye pochi, huko ni plastiki tu. Jambo la kuchekesha ni kwamba Zanzibar tangu Oktoba 2024, mwezi uleule nilioumwa, mgeni haingii bila kulipa dola 44 za bima. Wageni tunawabana vizuri. Sisi wenyewe tukisafiri tunakata ile ya kuonyesha ubalozini.

Mkinibana nitoe alama: tiba na usafi nyota tano, bei nyota tano, usiku wa kwanza nyota mbili, moja nikiirudisha kwa sababu ya ile simu. Lugha siwapi alama. Ni kwao, wana haki ya kusema Kichina. Wanafunzi wetu wako wengi mjini pale, mkalimani wa siku alinidai yuan 200 na nilimwongezea.

Nikiumwa tena Guangzhou nitakwenda palepale. Ila sasa pasipoti hainitoki kiunoni, lile neno *nüeji* nimelichapisha kwenye karatasi ngumu liko kwenye pochi pamoja na dozi yangu ya mseto ya kutoka Kariakoo, na kwenye begi naweka soksi nzito, kwa ajili ya kile chumba cha dripu.